Sanduku la Gereji: Golf ina mbio, lakini ina masharti

Barua za mwezi huu karibu zote zimebeba jina moja: Golf ya Volkswagen. Nyingi ya hizi zimetoka Japani zikiwa na usukani wa kulia, zinashika barabara vizuri kuliko saluni za umri wake, na bei yake ya mkononi imeporomoka. Imeporomoka kwa sababu, na sababu hizo ndizo mnazotuandikia.

Kabla hujasoma, fungua buti na uinue zulia juu ya tairi la spea. Utaona kibandiko cheupe chenye herufi ndogondogo: kodi (yaani namba ya utambulisho, si ushuru) ya injini, kodi ya giaboksi, kodi ya rangi. Kipige picha uwe nacho kwenye simu. Fundi anayeagiza spea bila kukitazama kibandiko hicho atakuagizia mara mbili, na zote mbili utalipa wewe.

Nitafute Golf ipi?

*Natafuta gari dogo lenye moto kidogo. Dalali ana Golf 6 tatu, za 2011 na 2012: Comfortline, Highline na GTI. Rafiki yangu ananivuta kwa Suzuki Swift Sport. Nishike lipi? – Msomaji, Kasarani, Nairobi*

Kwa nje hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja. Ukifungua boneti ni watu baki.

Comfortline ina injini ya sisi 1390 yenye tabo peke yake, nguvu za farasi 122, na giaboksi ya DSG (otomatiki yenye klachi mbili) ya gia 7 yenye klachi kavu. Highline ni injini ya ukubwa uleule lakini imewekewa supachaja pamoja na tabo: supachaja inasukuma hewa chini kwenye mizunguko midogo, tabo inapokea juu. Inatoa nguvu 160 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 240, giaboksi ileile ya klachi kavu. GTI ni sisi 1984, nguvu 211, Nm 280, na DSG ya gia 6 ambayo klachi zake zinaoga kwenye oili.

Tungeiacha Highline. Ndiyo inayosifiwa zaidi kwenye karatasi, na familia yake ya injini ilichaguliwa Injini ya Mwaka 2009, lakini ndiyo pia yenye pistoni dhaifu (soma barua ya Thika hapa chini). GTI ni ghali kuihudumia, ila giaboksi yake huvumilia foleni kuliko ya gia 7. Comfortline iko katikati: ukiipata ambayo cheni ya taimingi (inayozungusha kamshafti ndani ya injini) na klachi zimeshabadilishwa, na risiti zipo, ni gari zuri.

Kumbuka Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo hizo za dalali zimeshakaa nchini miaka kadhaa na zimepita mikononi mwa watu. Historia ya humu ndani ina uzito kuliko karatasi za mnada wa Japani.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mtu hapashi gari moto kabla ya mteja kufika bila sababu. Aliwashe yeye, wewe ukiwa umesimama upande wa cheni, usikilize kama kuna mkwaruzo sekunde tano za mwanzo. Kisha liendeshe si chini ya dakika 30, kwenye foleni kama ipo, kwa sababu klachi kavu hutetemeka zikishapata joto. Panda rivasi kwenye mwinuko, polepole. Mwishoni chomeka mashine ya kodi (inayosoma namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari), na usitazame kodi tu. Tazama pia vipimo vya ndani vya kompyuta ambavyo gari hujipima lenyewe likitembea: vikisoma "havijakamilika" kwenye gari ambalo mwenyewe anasema analiendesha kila siku, mtu amefuta kodi jana usiku.

Swift Sport ni jibu la mwenye gari moja tu la kumfikisha kazini. Injini yake M16A ya 1.6 haina tabo, inamwaga petroli kwenye njia ya hewa kwa mtindo wa zamani, kwa hiyo vali zake hazigandi masizi. Ya kwanza, chesisi ZC31S, ina nguvu 125. ZC32S iliyofuata ina 136. Ukipanda Limuru GTI itakuacha. Lakini Jumatatu asubuhi utakuwa barabarani. Ukiamua Golf, weka pembeni pesa za seti ya klachi na seti ya cheni kabla ya kusaini. Kama hizo pesa zinakumaliza, basi gari limeshakushinda bei.

Giaboksi inatetemeka, kisha ikakataa rivasi

*Nina Golf 6 Comfortline, kilomita 98,000. Kwenye foleni ya Kilwa Road linatetemeka likitoka gia ya 1 kwenda ya 2. Juzi alama ya gia imepepesa kwenye dashibodi na rivasi ikagoma, lakini mbele linakwenda kwa kurukaruka. Fundi anasema tununue giaboksi nzima ya mtumba. – Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam*

Usinunue kwanza. Gari lako limeshakueleza linapoumwa.

DSG ya gia 7, ambayo mafundi wanaiita DQ200, ina klachi mbili. Ya kwanza inabeba gia 1, 3, 5 na 7. Ya pili inabeba 2, 4, 6 na rivasi. Rivasi inapopotea na gari likabaki linatembea kwa gia za witiri tu, linaruka kutoka 1 kwenda 3, tatizo liko upande wa klachi ya pili au kwenye kifaa kinachoiamuru. Jino lililovunjika ndani ya giaboksi halileti picha hiyo.

Kifaa kinachoamuru kinaitwa mekatroniki: boksi la alumini mbele ya giaboksi lenye kompyuta, pampu ya umeme, vali na mtungi wa kuhifadhi presha. Mwambie fundi asome kodi za giaboksi, si za injini peke yake. Akikuta P17BF au P189C, presha inavuja au haijengeki. Mara nyingi alumini inapasuka pale mtungi wa presha ulipofungwa kwa nyuzi, oili ya haidroliki inatoka kidogokidogo, pampu inafanya kazi bila kupumzika hadi inakatwa na kompyuta. Dalili ya nyumbani: zima redio, fungua mlango wa dereva bila kuwasha injini. Pampu huunguruma kwa muda mfupi kisha hunyamaza. Ikiendelea na kuendelea, presha haikai. Kasha na mtungi vinabadilishwa bila kugusa gia.

Kama kodi hizo hazipo na kinachobaki ni kule kutetemeka tu, hizo ni klachi. Zinauzwa kama seti moja, na kuzifunga kunahitaji vifaa maalumu vya kuvutia na vya kupimia. Kwenye toleo la zamani, lililokuwapo hadi katikati ya 2011, fundi anapima nafasi ya beringi na kuchagua shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) zinazolingana. Akikadiria kwa jicho, klachi mpya itatetemeka kama ya zamani. Akimaliza lazima aiunganishe kompyuta ijifunze upya mahali klachi zinaposhika. Fundi asiyezungumzia hatua hiyo hajawahi kuifanya.

Hatari ya giaboksi ya mtumba ni kwamba mekatroniki yake ina programu ya gari lililotoka, inahitaji kuandikwa upya, na klachi zake huenda zimechoka kuliko zako.

Oili zake ni mbili na hazichanganyiki: lita 1.7 upande wa gia, lita 1 upande wa mekatroniki. Ukikuta karakana imefungua boliti moja na kumimina oili ya DSG ya gia 6, iondoe yote.

Mwaka 2013 giaboksi hizi ziliitwa kurudishwa katika nchi kadhaa, zikiwemo China, ambako magari 384,181 yalihusika. Baadaye mwaka huohuo Volkswagen ikaanza kutoa oili ya sintetiki upande wa gia na kuweka ya madini, kwa kuwa kwenye joto na unyevu ile ya kwanza ilisababisha shoti kwenye umeme wa giaboksi. Joto na unyevu ndiyo Dar. Mwombe wakala aliyeagiza gari akuangalizie kwa namba ya chesisi kama kazi hiyo ilifanyika kabla gari halijapanda meli.

Na kuhusu uendeshaji: klachi kavu inakufa kwa kusogea nusu mita nusu mita. Acha nafasi ya gari zima mbele yako, simama kabisa, kanyaga breki sawasawa, kisha sogea mara moja. Kwenye kilima usilishikilie gari kwa mafuta. Wanaokwambia utie N kila ukisimama wanakuchosha mkono bure. Ukikanyaga breki gari limesimama, klachi tayari zimeachia.

Linakula oili

*Highline yangu ya 2010 inakula lita moja ya oili kila kilomita 1,200. Asubuhi injini inatikisika, taa ya injini inapepesa. Plagi na koili zimebadilishwa mara mbili. – Msomaji, Thika*

Volkswagen yenyewe inakubali hadi nusu lita kwa kilomita 1,000, kiwango ambacho mwenye Toyota angelia. Wewe uko juu ya lita 0.8. Na kule kutikisika kunabadilisha hesabu.

Kwanza thibitisha silinda. Soma kodi: P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Tuseme ni P0302. Chukua koili ya silinda ya 2, uihamishie ya 3, na ya 3 uirudishe kwenye ya 2, ufute kodi, uendeshe. Kodi ikihama na kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, hamisha plagi vivyo hivyo. Ikibaki palepale, acha kununua koili. Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa na joto na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Tofauti inayozidi baa 3 kati ya silinda na silinda inatosha kufungua injini.

Kinachokutwa mara nyingi ni pistoni iliyovunjika ukingo kati ya ringi moja na nyingine. Kipande kinakwaruza ukuta wa silinda, gesi inashuka kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini), oili inapanda kuungua. Chanzo ni kugonga kwa injini: presha ya hewa ni kubwa tangu mizunguko midogo, na petroli ikiwa na okteni ndogo inalipuka kabla ya wakati wake. Injini hizi Japani zilitembea na petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango cha huko kinaitaka ifike okteni 96; petroli yao ya kawaida inaanzia 89. Soma kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi lako, na utie ile ya daraja la juu kabisa unayoipata kituoni, kila mara, si mwisho wa mwezi tu.

Kabla ya kufungua chochote, angalia kitu cha bei rahisi: vali ya kupumulia mvuke wa oili. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, jaribu kutoa kifuniko cha kutilia oili. Kikinyonywa kwa nguvu hadi kinakataa kutoka, mpira wa vali hiyo umechanika, na hiyo peke yake inatosha kula oili. Kikitoka na moshi unapuliza kwa mapigo kama mtu anayekohoa, hiyo ni gesi inayopita pembeni ya pistoni.

Pistoni zikithibitika, usikubali kubadilishiwa ringi tu. Ukingo uliovunjika haushiki ringi mpya. Ingiza kamera kwenye tundu la plagi kwanza utazame ukuta. Mikwaruzo ya wima unayoweza kuihisi kwa kucha inahitaji kazi ya mashine. Ukisharudi barabarani, usikanyage mafuta hadi chini gari likiwa gia ya 6 kwenye kasi ya 50. Shusha gia wewe mwenyewe. Kule kukanyaga na injini iko chini ndiko kunakovunja.

GTI ya 2006 imepoteza nguvu kilimani

*Golf 5 GTI, kilomita 140,000. Nikipanda kutoka Nakuru kwenda Njoro na kukanyaga, linashikwa kama limefungwa kamba, kisha taa inawaka. Kodi ni P2293. Nimeambiwa ni pampu ya mafuta ndani ya tangi. – Msomaji, Nakuru*

Kodi hiyo inasema presha ya petroli haiko sawa. Inawezekana ikawa pampu ya tangi, lakini si hapo pa kuanzia. Anza na kikombe kidogo chenye thamani ya chakula cha mchana cha watu wawili au watatu.

Injini ya GTI 5, nguvu 200, ina pampu ya pili ya petroli juu ya silinda hedi, inayopandisha presha hadi baa 110 hivi. Pampu hiyo haina mota; inasukumwa na nundu ya kamshafti. Kati ya nundu na pampu kuna kikombe cha chuma chenye mdomo mmoja wazi, namba ya spea 06D 109 309 C, kimepakwa rangi nyeusi ngumu. Rangi ikiisha, nundu inasaga chuma. Kikombe kikitoboka, nundu inaanza kula mti wa pampu, kisha nundu yenyewe inalika. Hapo utanunua pampu na kamshafti pamoja.

Kazi inafanyika injini ikiwa baridi kabisa. Toa fyuzi ya pampu ya tangi, washa gari hadi lizime lenyewe, uondoe presha. Ondoa kifuniko cha juu cha injini, ambacho kwenye gari hili ndimo ilimo filta ya hewa. Pampu iko mwisho wa hedi upande wa giaboksi. Chomoa soketi ya umeme. Zungushia kitambaa bomba la presha kubwa, lilegeze kwa spana namba 17 huku ukishikilia upande wa pili kwa spana nyingine. Petroli kidogo itatoka. Pampu imefungwa kwa boliti tatu za nyota T30. Zilegeze kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, maana ndani kuna springi inasukuma na ukitoa moja hadi mwisho utapindisha nyuzi. Pampu ikitoka, kikombe kinaweza kubaki shimoni. Kivute kwa sumaku.

Kitazame kwenye mwanga. Cheusi chote: kirudishe. Duara la kung'aa katikati, kubwa kama sarafu: badilisha leo. Kimetoboka: mulika tochi shimoni, zungusha injini kwa mkono, tazama pembe za nundu. Zikiwa na makovu au kingo kali, kamshafti imekwisha.

Unaporudisha, zungusha injini hadi nundu iwe chini kabisa, ili pampu ikae bila kulazimishwa. Paka kikombe oili, weka mpira mpya, boliti Nm 10 tu. Kisha kagua kila kilomita 20,000, pamoja na oili. Tungeipenda injini hii zaidi kama kikombe kingekuwa na roli, na matoleo yaliyofuata ya Volkswagen yakaja nayo.

Kama kikombe ni kizima, sasa ndipo uende kwenye pampu ya tangi na filta yake. Na ukiwa hapo, pima pia vali ya kuachilia presha ya tabo: ya zamani ina mpira unaochanika, na gari linapoteza mvuto vilevile, ila kodi yake huwa P0299.

Mkwaruzo wa asubuhi

*Comfortline yangu inakwaruza sekunde tatu kila asubuhi, kisha kimya. Hapa Arusha baridi ni kali. Ni oili nzito? – Msomaji, Sakina, Arusha*

Oili nzito inaweza kuzidisha, lakini sauti ni ya cheni. Kikazacho kinategemea presha ya oili. Usiku oili inashuka, asubuhi cheni inabaki legelege na kupiga ukuta hadi presha ifike. Sekunde tatu leo zitakuwa sita. Cheni ikiruka meno, vali na pistoni vinakutana.

Hakikisha sampu ina lita 3.6 za 5W-40 sintetiki yenye kiwango VW 502 00, na filta bora. Ikiendelea, au kodi P0016 (kamshafti haiendi sawa na kranki) ikitokea, badilisha seti nzima: cheni, kikazacho, reli, sproketi na boliti. Boliti za hapo zinavutika zikikazwa, hazirudiwi. Fundi asiye na kifaa cha kufungia kamshafti asianze.

Oili gani kwenye DSG ya gia 6?

*Fundi wangu anataka kutia oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki kwenye GTI. Anasema zote nyekundu. – Msomaji, Ntinda, Kampala*

Mkatalie. Klachi za giaboksi hii zinashikana ndani ya oili hiyohiyo inayopoza gia na kuendesha mekatroniki, kwa hiyo msuguano wake umepimwa. Inayotakiwa ni ya kiwango G 052 182, kila kilomita 60,000, pamoja na filta yake. Ukibadilisha inaingia kama lita 5.2.

Makosa hutokea kwenye kupima. Boliti ya kumwagia, ya pembe sita ya ndani namba 14, ikitoka, ndani yake kuna kibomba cha plastiki cha kufunguliwa kwa namba 8. Wengi hawajui kipo. Wanaondoa boliti, oili kidogo inatoka, wanadhani imekwisha. Kumbe nyingine yote imezuiwa na kibomba. Kitoe, mwaga, kirudishe kwa nguvu ndogo sana, Nm 3, ni plastiki. Jaza kupitia tundu hilohilo kwa adapta au juu kwenye nyumba ya filta.

Kisha washa injini, gari likiwa sawa pande zote, pitisha gia zote taratibu breki ikiwa imekanyagwa, na usome joto la oili kwenye kompyuta. Kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiwa inaendelea kuunguruma, fungua boliti. Inayozidi itatiririka juu ya kibomba. Mkondo ukigeuka matone, funga boliti kwa Nm 45, ukitumia washa (ringi ya kuzibia) mpya. Kukipimwa kwenye nyuzi 70, oili imeshavimba, utamwaga ya kutosha gari lianze kuteleza baada ya wiki.

Kuongeza nguvu kwa kompyuta

*Kuna kijana anaandika upya programu ya injini. Highline yangu itaweza? – Msomaji, Nyali, Mombasa*

Giaboksi yako imeundwa kubeba Nm 250. Injini inatoa 240 ikiwa haijaguswa. Umebakiwa na 10, na pistoni ni zile tulizoeleza kwenye barua ya Thika. Pesa hizo nunua tairi nne nzuri.

Maji yanapungua, chini pakavu

*GTI 6. Kila wiki mbili natia maji ya bomba kwenye chupa ya rejeta. Sioni tone sakafuni. – Msomaji, Mbweni, Unguja*

Acha maji ya bomba. Chumvi yake inakula alumini na kuziba njia ndogo. Tia kulanti ya Volkswagen G12++ au G13, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri.

Kuhusu uvujaji, pampu ya maji na themostati za injini hii zimo kwenye kasha moja la plastiki chini ya manifoldi ya hewa. Plastiki inapasuka nywele, matone yanaangukia juu ya giaboksi yenye moto na kukauka kabla hayajafika chini. Pitisha kioo kidogo na tochi kati ya manifoldi na bloku. Ukiona ukoko wa waridi kama wa chumvi, umepata. Badilisha kasha zima pamoja na mkanda wake mdogo wa meno, na utoe hewa kwenye mfumo kwa pampu ya vakyumu. Ukijaza tu kwa juu, hewa inabaki kwenye hedi na mshale wa joto utakudanganya.